Nyanya Yangu, Ng'ombe Susana na Wimbo wa Wenyewe

Kwenye dakika ya pili na sekunde 14 ya video, Kogo, yaani nyanya yangu, anaacha kiatu.

Kimezama kwenye matope ya Njoro. Ameinama, amekivuta mara moja, ameona kinamchelewesha, basi. Anaendelea kucheza, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Mkononi ana maikrofoni ya dijei. Dijei alimpa shingo upande, maana kazi yake imemfundisha kwamba nyanya wa miaka 80 akishika maikrofoni, kuirudisha ni mazungumzo marefu. Nyuma yake spika mbili zinapiga wimbo wa kantri wa zamani, wa mwanamume wa Kimarekani anayelia kwa sababu ya barua aliyoletewa. Na juu ya wimbo huo huo, kwa mahadhi yale yale, nyanya yangu anaimba kwa Kikipsigis habari za ng'ombe aitwaye Susana, ambaye humpiga teke kila anayekuja kumkama isipokuwa mwenye mkono baridi.

Watu walicheka hadi hema likatikisika. Mjomba mmoja alimwaga mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye suti yake.

Usiku huo niliiweka video mtandaoni ili binamu zangu walio Minnesota wasipitwe. Asubuhi nikakuta ujumbe. Sauti imeondolewa. Video yako ina wimbo ambao ni mali ya mtu mwingine.

Nikaifungua. Kogo bado anacheza. Mdomo unafunguka, unafungwa. Hema linatikisika. Kiatu kinazama.

Kimya kabisa.

Sitautaja mtandao wenyewe, wala wimbo. Kisa hiki hakina adui mmoja wa kunyooshewa kidole, na nadhani ndiyo sababu kimenikaa rohoni wiki tano sasa.

Viduara vinne

Kuna fomu ya kukata rufaa. Nilikaa nayo kwenye matatu kutoka Njoro hadi mjini Nakuru, nikiitazama kama mtu aliyeletewa bili ya hospitali. Ina viduara vinne. Cha kwanza, kwamba una leseni. Cha pili, kwamba wimbo ni wako. Cha tatu, kwamba muda wa hakimiliki umekwisha. Cha nne, kwamba umetumia kipande kwa njia inayoruhusiwa na sheria, kama kukosoa au kufundisha.

Hakuna kiduara cha mtu aliyesikia wimbo redioni miaka 60 iliyopita, asielewe neno hata moja, akautilia ng'ombe.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kogo alikuwa akichuma pareto huko Molo, na redio ilikuwa moja tu, ya nyapara. Iliwekwa kwenye dirisha siku ambazo nyapara alikuwa na furaha. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zivutevute siku mbili zaidi. Wimbo ukija, unakuja na mkwaruzo, unapotea katikati, unarudi ukiwa umefika mwisho. Wasichana walishika mahadhi. Maneno yaliyopotelea kwenye mkwaruzo waliyajaza wenyewe, kila mmoja na yake. Ya Kogo yalikuwa Susana. Rafiki yake mmoja, kwa mahadhi hayo hayo, aliimba juu ya mama mkwe.

Mashine iliyoizima video haijui haya, na haikuulizwa. Yenyewe haisikilizi kama tunavyosikiliza sisi. Kila wimbo uliosajiliwa unatolewa alama yake, kama alama ya kidole, na kila video inayoingia inalinganishwa na ghala la alama hizo. YouTube walianzisha mfumo wao wa namna hii, Content ID, mwaka 2007, na mitandao mingine mikubwa ina ya kwake. Alama zikifanana, mwenye wimbo huwa ameshaamua mapema kitakachofuata: video izuiwe, au iachwe na pesa za matangazo zimwendee yeye, au aachie tu na kuhesabu watazamaji. Yote haya yanaweza kutokea bila binadamu kukohoa mahali popote.

Nilipokwenda kumweleza Kogo, nilijitayarisha kumpoza. Nikamwambia kwa upole kwamba kampuni kubwa ya muziki huko nje imesema wimbo ni wake, ikazima sauti.

Aliacha kuchambua maharagwe.

"Wamenisikia?"

"Si watu, Kogo. Ni mashine."

"Lakini imesikia."

"Imesikia wimbo. Haikukusikia wewe."

"Na mimi nilikuwa wapi, mama? Si nilikuwa ndani ya wimbo?"

Akarudia maharagwe yake, uso umemng'aa. Jioni nilimsikia akimsimulia jirani kwamba Wamarekani wamemsikia hadi wakashtuka.

Sikuwa na jibu, na hapo ndipo mawazo yalipoanza kunisumbua kwa kweli.

Nusu mtu, nusu swala

Nikiwa mwanafunzi pale Egerton, mhadhiri mmoja alitupigia rekodi ambayo sikuitilia maanani wakati ule. Nilikuwa na njaa, na darasa lilikuwa la saa saba mchana. Wiki hizi nimeisikiliza labda mara 30.

Ilirekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, ng'ambo ya Litein ukitoka Kericho. Aliyerekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi na gari lililojaa mitambo akikusanya muziki, na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, kule Afrika Kusini. Wanaoimba ni Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis, kinubi cha chepkong kikiwafuata chini. Wanamwita mtu aje acheze nao. Wanamwita Chemirocha.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers.

Ukilitamka jina hilo haraka, kwa ulimi usio na haja na "j", unalisikia. Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi ambaye mwaka 1927 kampuni ya Victor ilimrekodi mjini Bristol, Tennessee. Alikuwa na namna yake ya kuivunja sauti katikati ya neno ikarukia juu kama mbuzi anayepanda jabali. Akauza santuri kwa wingi wa ajabu, kisha kifua kikuu kikamuua mwaka 1933, akiwa na miaka 35. Santuri zake zilifika nchi ya Wakipsigis mikononi mwa wageni, pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Watu wakasikiliza. Mtu hayuko, sauti iko. Tena sauti yenyewe inaruka hivyo! Wakaamua kwamba huyu si mtu wa kawaida. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walisema ni nusu mtu, nusu swala, na wasichana kwenye wimbo wanambembeleza aruke ngoma yao kwa nguvu hadi nguo zimtoke.

(Na mimi kama mzaliwa wa huko nina kicheko changu cha ziada. Che- ni mwanzo wa majina ya mabinti: Chebet, Cherono, Chelangat. Dume la Mississippi tulilipa jina la kike bila hata kulijulisha.)

Nikampelekea Kogo rekodi hiyo kwenye simu. Nakiri nilitaka miujiza. Mwaka 1950 alikuwa mtoto wa miaka mitano, tena kwao si mbali na Kapkatet. Nilitaka aseme, ah, Chemirocha! na atoe historia nzima nami niandike.

Alibandika simu sikioni hadi mwisho. Akasema jina hilo halijui. Akaomba irudiwe. Mara ya pili akasema, "Huyu anayeongoza anaimba kama mtu aliyeambiwa usisogee."

Alikuwa amesimamishwa mbele ya maikrofoni. Nimeisikia rekodi hiyo mara 30 na sikuwa nimelisikia hilo.

Halafu akauliza, "Walipewa chai?"

Mbwa wa kwenye santuri

Waliowahi kuona santuri za zamani za Victor au za HMV wanaukumbuka ule mchoro: mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni, anasikiliza sauti ya bwana wake. Ulikuwa mchoro wa kutangaza uaminifu wa sauti. Nikiutazama leo, naona ndivyo kampuni zilivyotarajia tukae: tumeinamisha kichwa.

Lakini Kapkatet hawakukaa hivyo. Na Victor, pale Camden, New Jersey, haikuwa na habari. Ilikuwa imeuza bidhaa na bidhaa ikapotea machoni pake. Hakuna karani aliyejua kwamba milimani mwa Kenya msanii wake ameota pembe. Kama angejua angefanya nini? Angeandika barua kwa wasichana wa Kipsigis? Kwa anwani ipi?

Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na RCA mwaka 1929, na RCA siku hizi iko chini ya Sony. Muziki mwingi unaouzwa duniani leo uko mikononi mwa kampuni tatu: Universal, Sony na Warner. Nilikuwa nikidhani ukubwa huo ndio tatizo. Miaka yote nimekuwa mtu wa kulalamika kwamba wametumwagia nyimbo zao, katuni zao, nguo zao, hadi tumesahau zetu. Nimewahi hata kuandika hapa, kwa hasira nyingi na ushahidi kidogo.

Sasa sina uhakika na malalamiko yale.

Kwa sababu kumwagiwa si jambo jipya, na waliomwagiwa kabla yetu hawakulowa kama nilivyodhani. Nenda Kericho, kwenye duka la Chandarana. Kwa miongo mingi wanamuziki wa magharibi na wa Bonde la Ufa waliingia pale na gitaa zao kurekodi, Kipchamba arap Tapotuk akiwa mmojawapo. Gitaa si letu. Santuri si yetu. Mwenye duka naye wazee wake walitoka India. Kilichotoka mle kilikuwa chetu mno hadi wazee wakikisikia wanafuta machozi. Kantri yenyewe, ukikaa Nakuru Jumapili mchana, utaisikia kwenye baa tatu ukipita barabara moja, na sijawahi kumsikia mzee akiiita muziki wa kigeni.

Hata sasa, ukiingia kibanda cha video Kaptembwo au Rhonda, filamu ni ya Hong Kong au ya India lakini sauti unayoifuata ni ya DJ Afro, kwa Kiswahili na Sheng, akimsema staa wa filamu kama jirani aliyekopa unga.

Lililobadilika ni kwamba siku hizi mbwa yuko upande mwingine. Kampuni ndiyo inayotega sikio. Inasikiliza sherehe ya Njoro, kwenye matope, na ndani ya usiku mmoja ina jibu.

Rafiki yangu wa injili

Nilikuwa nimefika hapo, nimejipongeza, nikamsimulia rafiki yangu mwimbaji wa injili kwa Kikalenjin. Tulikuwa tunakula mutura karibu na soko la Wakulima. Akaniacha nimalize, akafuta vidole.

"Mashine hiyo hiyo ndiyo ililipa karo ya mtoto wangu muhula uliopita."

Wimbo wake mmoja unapendwa kwenye arusi. Kila arusi ina mpiga picha, kila mpiga picha ana chaneli. Zamani wimbo uliliwa na kila mtu isipokuwa aliyeutunga. Sasa mashine inautambua hata ukipigwa kwenye hema huko Bomet, na vijisenti vinadondoka. Si vingi. Lakini vinadondoka kwake.

"Wewe unataka nyanya yako aimbe bure juu ya wimbo wa mtu," akasema. "Mimi ndiye huyo mtu."

Nilijaribu kusema yule wa nyanya ni tajiri. Hata mimi nilisikia jinsi hoja ilivyokuwa imechoka. Haki ya mtunzi haiwezi kupimwa kwa unene wa pochi yake, la sivyo na rafiki yangu akinunua gari nitakuwa nimempokonya wimbo.

Tena najua historia ya upande wa pili. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na haki zake zikaenda kwa shilingi 10. Mahadhi yake yakazunguka dunia kwa majina mengine, yakaingia hadi kwenye filamu ya Disney, naye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilikuja kupata maafikiano mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Kama mashine ya leo ingekuwapo wakati ule, na kama ingekuwa na alama ya Linda ghalani, binti zake wangekulia kwingine.

Kama ingekuwa na alama yake ghalani. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Chemutoi Ketienya hana alama popote ambayo mimi nimeiona ikimlinda. Nakala za rekodi za Kapkatet zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka 2015, kazi ya ILAM na Ketebul Music ya Nairobi, na ni jambo jema sana. Lakini swali la Kogo kuhusu chai liliulizwa miaka 65 kwa kuchelewa, na zaidi.

London

Nina mpwa wa miaka tisa. Anaishi London, na kwa wasiotoka Nakuru nieleze kwamba nazungumzia mtaa ulio karibu na jaa la taka, si ule mji wa mfalme.

Huyu mtoto anajua nyimbo za katuni kuliko anavyojua majina ya shangazi zake. Anaziimba kwa lafudhi iliyopigwa pasi, kila herufi mahali pake, kama mtoto aliyezaliwa California. Jumapili moja, nikiwa na hadithi ya Susana moyoni, nikamwambia, hebu huo wimbo utie maneno yako. Weka chochote. Weka kuku wa mama.

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia akate pazia.

"Anti, hayo si maneno yake."

"Najua. Weka yako."

"Lakini yake yapo." Akafungua simu ya mama yake kunionyesha. Na kweli yapo, yameandikwa chini ya skrini, neno kwa neno, yakimulika moja baada ya jingine yanapofika zamu yake.

Nilikaa na hilo muda mrefu kuliko lile la fomu. Kogo alikuwa na mkwaruzo. Redio mbovu ilimwachia mwanya, na mwanya ule ndio Susana alimopitia. Mpwa wangu hana mwanya wowote. Wimbo unamfikia safi, unarudiwa akitaka, unamsahihisha akikosea, na ukiisha unafuatwa na mwingine unaofanana nao kabla hajapata nafasi ya kuuimba vibaya jikoni.

Ningependa kuishia hapo na kuitupia kampuni lawama zote. Ila mtoto alipomaliza kuimba, sebule nzima ilipiga makofi. Mimi nikiwa wa kwanza. "Sikia hiyo Kiingereza!" mjomba akasema, akatoa noti ya mia mbili. Hakuna aliyewahi kumpa mpwa wangu mia mbili kwa sababu ya kuku.

Na Kogo, nikisema ukweli wote, mtindo ule wa kujitilia maneno hakuurithisha. Anajua nyimbo za kantri labda 30, zote zina ng'ombe au jirani ndani. Mama yangu anajua mbili. Mimi ninamjua Susana tu, tena kiitikio. Kati ya Kogo na mimi hapakuwa na mashine yoyote. Palikuwa na shule ya bweni, na monita wa lugha, na kibao ulichovishwa shingoni ukikamatwa ukisema Kikipsigis.

Rufaa

Binamu zangu waliipata video hatimaye, kwa WhatsApp, sauti yote ikiwamo. Mmoja alinipigia saa nane za usiku, kwao ikiwa jioni, akilia na kucheka. Alitaka kujua ng'ombe Susana alikufa lini. Ikabidi nimpigie Kogo asubuhi. Kumbe hakuwa ng'ombe wao. Alikuwa wa mzungu wa shamba, na jina ni la mke wa mzungu, na teke lenyewe, alisema Kogo akikohoa kicheko, si kila mara lilikuwa la ng'ombe.

Miaka 60 anaimba hivyo, mbele ya nyapara na mbele ya mchungaji.

Jana nimejaza fomu. Nimechagua kiduara cha nne kwa sababu ndicho kilichokuwa na kisanduku cha maelezo, herufi zisizozidi elfu moja. Nilianza kwa Kiingereza nikafuta, maana kila sentensi ilikuwa inaomba msamaha. Nikaandika kwa Kiswahili:

"Anayeimba ni nyanya yangu. Mahadhi ni yenu, hatukatai. Maneno ni yake, aliyatunga Molo akichuma pareto. Mkiweza, zimeni spika muiache sauti yake. Kiatu tulikipata."

Nikabonyeza kutuma. Ikaja duara inayozunguka, ikazunguka, bando ikaisha.

Nimenunua nyingine nikarudia. Safari hii niliongeza jina la ng'ombe.